Kutoka Mankato hadi Eagan: shabiki anaingiaje kambini siku hizi?

Swali: Naishi Brooklyn Park, Minnesota, na nina mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja anayewapenda Vikings, timu ya mpira wa Kimarekani ya hapa, kupita kiasi. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa hapa, kila ikifika Julai hunisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimpeleka Mankato kuwatazama wachezaji wakifanya mazoezi. Hapakuwa na tiketi wala mtu wa kukuuliza unakwenda wapi, na alirudi nyumbani na saini za wachezaji kwenye mfuko wa karatasi uliobeba mkate. Sasa nasikia ni lazima uweke nafasi mtandaoni, na nafasi huisha upesi. Mambo haya yalibadilika lini, na kwa nini? Ni tamaa ya pesa tu? Na je, bado ipo njia ya mtoto kuwaona kwa karibu?

Jibu: Dada yangu, mzee huyo hatii chumvi. Vikings walipiga kambi Mankato, katika Chuo Kikuu cha Minnesota State, kuanzia 1966 hadi 2017. Hivyo ni viangazi 52. Watu walitoka Minneapolis alfajiri, wakaendesha gari kilomita kama 130 kuelekea kusini-magharibi, wakaegesha kando ya viwanja vya chuo na kutandika blanketi kwenye nyasi. Wachezaji walilala kwenye mabweni ya wanafunzi na kula kwenye bwalo la wanafunzi. Kutoka bwenini hadi uwanjani walipita njia ile ile anayopita kila mtu, na saini zilipatikana hapo njiani.

(Kwa wasomaji wengine: mpira ninaouzungumzia ni ule wa Kimarekani, wa helmeti na pedi za kukinga mabega. Ligi yenyewe ni NFL, yenye timu 32. Kambi huanza mwishoni mwa Julai na kwa kawaida humalizika katikati ya Agosti, kabla ya msimu kuanza Septemba.)

Kambi bado zinaingilika, tena karibu timu zote zina siku za wazi. Kilichobadilika ni mwenyeji. Pale Mankato, Vikings na shabiki wote walikuwa wageni wa chuo. Pale Eagan, kwenye makao ya timu yenyewe, shabiki ni mgeni wa Vikings, na mgeni wa mtu huingia kwa saa aliyopangiwa. Mengi unayoyasikia kuhusu tiketi, simu, mistari ya saini na mageti yanatokana na hilo.

Tuanze na sababu iliyozipeleka timu vyuoni. Kwa miongo kadhaa wachezaji wengi wa ligi hii walikuwa na kazi nyingine nje ya msimu: wapo waliouza bima, waliofundisha shule, waliouza magari. Walifika Julai miili ikiwa imelegea, na kambi ndiyo iliyowarudisha katika hali ya kucheza. Hadi 1977 timu zilicheza mechi sita za maandalizi kabla ya msimu, kwa hiyo kambi ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Timu ilihitaji vitanda mia moja, jikoni kubwa na viwanja viwili vitatu kwa wiki nyingi, na kwa bei nafuu. Chuo cha mji mdogo kilikuwa na vyote hivyo, na wanafunzi wamekwenda likizo.

Hali ya hewa nayo ilikuwa na neno. Dallas Cowboys waliliacha joto la Texas wakapiga kambi Thousand Oaks, California, kuanzia 1963 hadi 1989. Arizona Cardinals walikuwa wakipanda Flagstaff, mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, kukimbia jua la Phoenix. Wisconsin iligeuka mtaa wa kambi: Chicago Bears walikuwa Platteville, New Orleans Saints La Crosse, Kansas City Chiefs River Falls, na wenyeji Packers wako Green Bay. Waandishi wa michezo wakaupa mkusanyiko huo jina la Ligi ya Jibini, maana jimbo hilo linajulikana kwa jibini.

Sasa fikiria chuo kinapata nini. Jina lake linatajwa magazetini kila siku kwa mwezi mzima, moteli za mji zinajaa, mikahawa inauza. Hakina sababu yoyote ya kumzuia mtu. Isitoshe, chuo cha umma hakina geti. Ni barabara, miti na majengo, na uwanja wa mazoezi umezungushiwa kamba tu. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyekaa chini akaamua kuwafungulia mashabiki mlango. Hawakuwa na mlango wa kufunga. Nalisisitiza hili kwa sababu watu hupenda kusema zamani timu zilikuwa na moyo na leo hazina. Wamiliki wa miaka ya 1960 walikuwa wabahili kuliko hawa wa leo, na mchezaji yeyote wa enzi hizo angekuambia.

Kuhusu kutoza pesa, tukio ambalo watu hulikumbuka zaidi ni la mwaka 2000. Daniel Snyder, aliyekuwa ameinunua timu ya Washington mwaka uliotangulia, aliihamisha kambi kutoka chuo cha Frostburg huko Maryland hadi makao ya timu Ashburn, Virginia. Akawatoza mashabiki dola 10 kuingia na dola 10 nyingine kuegesha gari. Kelele zilikuwa kubwa nchi nzima. Kutazama mazoezi kulikuwa hakujawahi kuhesabiwa kuwa bidhaa, na yeye akayabandika mazoezi bei hadharani. Wamiliki wengine hawakumfuata siku hiyo hiyo, na kwa miaka mingi kambi nyingi zilibaki bure. Ila wazo lilikuwa limeshatamkwa.

Hata hivyo, si Snyder aliyeipunguza kambi. Kama ningelazimika kutaja tarehe moja iliyobadilisha kambi yenyewe, ningetaja 31 Julai 2001, na mahali ni Mankato. Asubuhi hiyo ya joto kali Korey Stringer, mchezaji wa mstari wa mbele wa Vikings mwenye uzito wa kilo zaidi ya 150, alianguka baada ya mazoezi. Alipofikishwa hospitali joto la mwili wake lilikuwa limepita nyuzi 42. Alifariki usiku wa kuamkia 1 Agosti, akiwa na umri wa miaka 27. Mzee wako huenda anaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko mimi ninavyoweza kuiandika. Baada ya hapo timu zilianza kupima joto na unyevu kabla ya kutoka uwanjani, kuongeza maji na vivuli, na kuwafuatilia wachezaji wazito kwa makini. Mazoezi ya kukomeshana juani, ambayo makocha wa zamani waliyaona kuwa ndiyo yanayomfanya mtu kuwa mwanamume, yakaanza kutazamwa kwa jicho lingine.

Kisha ukaja mkataba wa 2011. Kuanzia Machi hadi 25 Julai mwaka huo wamiliki waliwafungia wachezaji milango kwa sababu ya mgogoro wa mapato. Walipopatana, chama cha wachezaji kilikuwa kimeyapata masharti makubwa kuhusu mazoezi: mazoezi mawili ya pedi kwa siku moja yakapigwa marufuku, na muda wa kuwa uwanjani ukawekewa kikomo cha saa nne kwa siku. Mkataba wa 2020 ukaongeza mengine. Siku za mwanzo za kambi ni za kuzoesha mwili bila pedi, na mazoezi ya pedi kwa kambi nzima hayazidi 16.

Hapo ndipo shabiki alipopoteza kitu bila mtu yeyote kumkusudia ubaya. Zamani ulifika Mankato saa tatu asubuhi ukatazama mazoezi ya kwanza, ukala mjini, ukarudi alasiri kwa ya pili, na hivyo hivyo kwa wiki kadhaa. Leo timu ina zoezi moja la maana kwa siku. Lile jingine ni la kutembea polepole wakipanga miguu, na huwa la faragha. Ukitoa siku za mapumziko na siku ambazo kocha anataka kuwa peke yake na vijana wake, zinabaki siku kumi na kitu za kuonyesha watu. Umati ni ule ule au umeongezeka, na siku zimekuwa chache. Kambi fupi ni kambi salama, na sidhani kama kuna mzazi angependa tuirudishe ile ndefu.

Wakati huo huo timu zilikuwa zikijijengea nyumba. Kuanzia miaka ya 1990 makao ya timu yalikoma kuwa ofisi yenye uwanja wa nyuma. Yakapata uwanja wa ndani wenye paa, chumba cha vyuma chenye ukubwa wa ghala, mabwawa ya maji baridi na moto, mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, wapishi na wataalamu wa lishe. Wachezaji nao hawana kazi nyingine tena. Wanafanya mazoezi hapo karibu mwaka mzima. Ukiwa na vyote hivyo, kupakia malori kwenda kulala kwenye bweni la chuo kunaanza kuonekana kichekesho. New England Patriots walikiacha chuo cha Bryant baada ya 2002, Denver Broncos wakaiacha Greeley mwaka huo huo. New York Giants waliondoka Albany, Philadelphia Eagles wakaondoka Lehigh na Cardinals wakashuka kutoka Flagstaff, wote baada ya 2012. Vikings walihamia Eagan 2018. Carolina Panthers, waliokuwa Wofford tangu msimu wao wa kwanza 1995, walirudi Charlotte 2024.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Baltimore Ravens. Tangu 1996 walipiga kambi Westminster, Maryland, kwenye chuo ambacho leo kinaitwa McDaniel. Ilikuwa kambi iliyopendwa. Familia zilipanga likizo kwa ajili yake. Mgogoro wa 2011 ulipoisha zikiwa zimebaki siku chache kambi kuanza, hapakuwa na muda wa kuhamisha vifaa, kwa hiyo Ravens wakabaki kwenye makao yao Owings Mills, iwe ya mwaka mmoja tu. Hawakurudi Westminster tena. Na Owings Mills hakuna pa kuweka maelfu ya magari, hivyo ikabidi watoe nafasi chache kwa mtandao, na huisha mara tu zinapotolewa.

Hapo nimejiwekea kanuni ambayo haijanidanganya bado: ukitaka kujua kambi fulani iko wazi kiasi gani, uliza maegesho. Patriots nao walihamia nyumbani, lakini nyumbani kwao ni kando ya uwanja wa Gillette huko Foxborough, wenye maegesho ya siku ya mechi. Wao wameendelea kuwa na mazoezi ya bure yanayovuta umati mkubwa. Bears walitoka chuo cha Olivet Nazarene, walikokuwa tangu 2002, wakarudi makao yao ya Lake Forest; huko nafasi ni chache na hugawiwa mapema kwa mtandao. Kocha anaweza kuwa mkarimu anavyotaka, lakini majirani wa makao ya timu hawatakubali magari elfu tatu mbele ya nyumba zao.

Turudi kwako. Kituo cha Vikings cha Eagan kiko kwenye shamba la ekari zipatazo 200, lililokuwa makao makuu ya shirika la ndege la Northwest. Familia ya Wilf, wamiliki wa timu, wanajenga hapo mtaa mzima: kituo cha mazoezi, uwanja mdogo wenye viti elfu sita hivi, jumba la makumbusho la timu, nyumba za kupanga, na tangu 2020 hoteli. Linganisha na Mankato. Kule shilingi ya shabiki iliingia mfukoni mwa mwenye moteli, mwenye baa na mama anayeuza mahindi ya kuchemsha. Hapa inabaki ndani ya uzio.

Kwa hiyo, ni tamaa? Nakujibu kwa nusu ndiyo. Mapato ya mlangoni kambini ni ya kununulia sukari tu kwa ligi hii. Mikataba ya televisheni iliyosainiwa 2021 ilitajwa kuwa na thamani ya dola zaidi ya bilioni 100 kwa miaka 11. Timu nyingi bado zinatoa tiketi za bure au za bei ndogo. Eagles, ambao kwa miaka mingi ya karibuni wamekuwa na siku moja tu ya wazi, wamewahi kutoza dola 10 na pesa hizo zikaenda kwenye mfuko wao wa kusaidia utafiti na huduma za usonji. Mtu anayesema wanatajirika kwa dola hizo hajapiga hesabu.

Lakini tiketi ya bure ya simuni ina bei yake. Ili uipate unatoa jina, barua pepe, namba ya simu, wakati mwingine umri wa watoto, na unapakua programu ya timu. Yule baba wa 1975 aliyetandika blanketi Mankato hakuna aliyejua kwamba alikuja. Wewe ukija Eagan mara moja, wataanza kukuuzia tiketi za msimu, jezi na ziara za makumbusho kwa miaka. Hiyo ndiyo biashara yenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo sababu tiketi za simu hazitaondoka hata siku ambayo nafasi zitakuwa tele.

Kinachofuata ni simu, na hapa nawatetea makocha. Mwaka 1985 shabiki aliyeona mbinu mpya ya kurusha mpira aliisimulia baa jioni, akikosea nusu yake. Leo mtu mmoja akiwa na simu anaituma video kwa dunia kabla wachezaji hawajavua helmeti, na kocha wa mpinzani anaitazama akinywa kahawa. Ndiyo maana timu nyingi hukuruhusu kupiga picha wakati wa kunyoosha viungo tu. Kikosi kikijipanga kumi na moja kwa kumi na moja, walinzi wanapita wakisema shusha simu. Hata waandishi wa habari wana masharti ya nini waandike kuhusu mipango. Ongeza uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa Mei 2018 ulioruhusu majimbo kuhalalisha kamari ya michezo. Tangu hapo habari kwamba kwotabeki fulani (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) anachechemea ina bei sokoni asubuhi hiyo hiyo. Mimi ningekuwa kocha, ningefunga siku nyingi zaidi ya wanavyofunga wao.

Kisha 2020. Mnamo Juni ligi iliziagiza timu zote zikae kwenye makao yao kwa sababu ya korona, na karibu kambi zote zilifungiwa mashabiki mwaka huo. Pittsburgh Steelers, walio Latrobe tangu 1966, walifanya kambi kwenye uwanja wao wa mechi mwaka huo na uliofuata, wakarejea chuoni Saint Vincent 2022. Korona haikuzaa tiketi ya simu, ila iliifanya ionekane kitu cha kawaida. Mageti yalipofunguliwa tena, hata kambi za zamani ambazo mtu aliingia bila kuulizwa zilitaka uonyeshe tiketi, ingawa ya bure.

Mwaka 2021 ligi ilianzisha siku ya pamoja ya kufungua kambi kwa sherehe, ambayo baadaye ikawa wikendi nzima, yenye matangazo ya moja kwa moja ya televisheni, muziki, michezo ya watoto na mabango ya wadhamini. Anayeijua Simba Day ya Dar es Salaam, inayofanyika kwa kawaida Agosti tangu 2009, ataielewa haraka: umati, burudani, kikosi kinapungiwa mkono. Ni siku nzuri ya kumpeleka mtoto. Lakini kama unataka kuona mazoezi ya kweli, kuona kocha akimkemea mtu, kuona mchezaji akirudia hatua ile ile mara kumi, siku hiyo iepuke.

Siwezi kukuficha kwamba ya zamani yalikuwa na shida zake. Mankato ulisimama juani nyuma ya kamba, vyoo vilikuwa mbali, na mtu mwenye kiti cha magurudumu alitegemea huruma ya waliomtangulia. Eagan kuna vivuli, maji, vyoo na watu wa huduma ya kwanza. Linalonisumbua ni jingine. Zamani gharama ya kambi ilikuwa mafuta ya gari na siku moja ya likizo. Sasa gharama ni kujua. Nafasi zinatangazwa siku fulani, saa fulani, kwa wale walio kwenye orodha ya barua pepe, kwa Kiingereza, kwa programu ya simu. Mama anayefanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee na hajui kwamba tiketi zimetolewa Jumatano asubuhi, hana chake, hata kama anaishi dakika arobaini kutoka Eagan. Mankato ilikuwa mbali, lakini ukifika umefika.

Kuna mahali mambo yamebaki karibu na yale ya mzee wako. Latrobe nimeitaja. Chiefs wako kwenye chuo cha Missouri Western huko St. Joseph tangu 2010. Buffalo Bills wako St. John Fisher karibu na Rochester, New York, tangu 2000, ingawa tangu kwotabeki Josh Allen awe nyota, nafasi zao za bure zinagombaniwa. Dallas wanakwenda Oxnard, California, ambako shabiki wa Texas hafiki kirahisi.

Na wapo Green Bay, majirani na mahasimu wenu. Kwa miongo mingi kuanzia 1958 Packers walikuwa wakilala kwenye chuo cha St. Norbert huko De Pere, na mazoezi yao ya wazi kwenye uwanja wa Ray Nitschke hayahitaji tiketi; anayewahi ndiye anayekaa mbele. Wana mila ambayo imedumu tangu enzi za kocha Vince Lombardi. Watoto hupanga foleni na baiskeli zao nje ya chumba cha kubadilishia nguo. Mchezaji huchagua moja, huikalia magoti yakikaribia kidevu, na kuiendesha hadi uwanja wa mazoezi, mtoto akikimbia kando huku amembebea helmeti. Hata mila hiyo sasa imepewa jina lenye kampuni ya bima ndani yake. Watoto hawajali, na baiskeli zinabebwa vile vile. Ni mwendo wa zaidi ya saa nne kwa gari kutoka kwenu. Ukienda, usimvalishe kijana zambarau, rangi ya Vikings.

Niongeze jambo moja ambalo Wakenya wa huko huenda watalipenda. Julai 2013 Indianapolis Colts walimsajili Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya ambaye hakuwa amewahi kucheza futiboli ya Kimarekani, na mwaka huo kambi ya Colts ilikuwa Chuo Kikuu cha Anderson, Indiana. Yeyote aliyefika pale aliweza kumwona mtu akijifunza mchezo mpya mbele ya hadhara, kuanzia namna ya kusimama. Desemba mwaka ule alicheza mechi ya ligi, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Kambi ndiyo sehemu pekee ya ligi hii unapoweza kuona mambo ya namna hiyo. Siku ya mechi, mtu kama huyo ni namba mgongoni, akiingia uwanjani mara tatu kuukimbilia mpira uliopigwa teke.

Sasa ya kufanya. Jiandikishe kwenye orodha ya barua pepe ya Vikings mapema, kabla ya Juni, na uweke programu yao kwenye simu ukiwa umeshaingiza jina na nenosiri. Ratiba ya siku za wazi hutangazwa karibu na mwanzo wa kiangazi, na bei au ubure wa tiketi hupangwa upya kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huo usitegemee la mwaka jana. Siku inayogombaniwa zaidi ni ile ya mazoezi ya pamoja na timu nyingine, ikifuatiwa na wikendi na zoezi la usiku. Siku rahisi ni ya katikati ya wiki, ambayo haina sherehe. Omba hiyo ruhusa kazini mapema. Maegesho huwa na malipo yake mbali na tiketi, kwa hiyo mkiwa wawili watatu mnaofahamiana jazeni gari moja. Begi liwe la plastiki linaloonyesha ndani. Ligi ilianza kuyadai viwanjani 2013 na kambi nyingi zinafuata sharti hilo. Kofia na maji ni lazima, maana Agosti ya Minnesota si mchezo.

Kuhusu saini: timu nyingi sasa hutenga eneo la watoto peke yao, kwa sababu watu wazima walikuwa wakikusanya helmeti kumi za kusaini na kesho yake zinauzwa mtandaoni. Hilo linakusaidia. Lakini umati wote utamkimbilia kwotabeki na wapokeaji mashuhuri, na hao husaini kwa dakika chache kisha wanaondolewa. Kambini kuna wachezaji 90, na mwishoni mwa Agosti wanabaki 53. Tangu 2023 wote 37 hukatwa kwa mkupuo mmoja. Mwambie kijana achapishe orodha ya kikosi, aweke alama kwenye majina ambayo hajawahi kuyasikia, hasa wenye jezi za namba sitini na sabini, na ajifunze kuyatamka. Wengi wao hawajawahi kuombwa saini na mtu asiye ndugu yao. Ukimwita mmoja wao kwa jina lake kamili atageuka, atakuja hadi kwenye kamba, na hataondoka hadi mlinzi amwambie basi limefika.